Chupa Kumi na Moja, Ng'ombe Mmoja

Mimi si mtu wa kungoja. Mama husema nilizaliwa kabla mkunga hajanawa mikono, na anavyolisema mbele ya watu ni kama anawaomba radhi kwa niaba yangu. Kwa hiyo asubuhi ile msimamizi wangu wa masomo aliponitumia ujumbe wa maneno matatu, "Njoo ofisini sasa," nilikuwa mlangoni kwake kabla hajaweka simu chini, glavu za maabara zingali mikononi.

Alikuwa amefungua matokeo yangu kwenye kompyuta. Nilikuwa mwaka wa pili wa uzamili, jenomiki na bayoteknolojia, katika chuo kile kile nilichosomea shahada ya kwanza. Kazi yangu ilihusu mursik, maziwa ya kuganda ambayo kwetu huwekwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti. Nilitaka kujua ni bakteria gani wanaoyagandisha, na kama kibuyu cha kila nyumba kina bakteria wake. Nilikuwa nimeleta chupa kumi na mbili kutoka nyumba kumi na mbili za kilima chetu cha mashamba ya chai, si mbali na Roret. Tukatoa DNA yote iliyokuwamo: ya bakteria, ya chachu, hata ya ng'ombe mwenyewe, maana maziwa hubeba chembe za mwili wake. Tukaituma isomwe kwa mashine. Ruhusa ya kuitumia mashine hiyo ilikuwa ya mara moja tu, na matokeo ndiyo hayo.

"Kwenu kuna ng'ombe wangapi?" aliniuliza.

Nikadhani ni mzaha. Nikamwambia ni wengi, kila boma lina wawili watatu.

"Hapa ninaona mmoja."

Akanigeuzia skrini. Chupa kumi na moja, ng'ombe yule yule. Bakteria wale wale pia, kwa karibu kiasi kile kile. Chupa namba tisa peke yake ndiyo iliyokuwa na ng'ombe wake na bakteria wake. Niliinama, nikasimama, nikainama tena. Nilitaka kukishika kile kipanya cha kompyuta nibofye mwenyewe, lakini mkono wake ulikuwa juu yake.

Msimamizi wangu ni mwanamke mpole, na siku ile upole wake ndio ulionitia hofu. Alisema anaona njia mbili tu. Ama nilichanganya sampuli maabarani, na kama ni hivyo namba tisa iliponea wapi? Ama nilijaza chupa kumi na moja kutoka kibuyu kimoja, nikabandika namba za nyumba ambazo sikufika. Hakusema anaamini ipi. Alisema kamati ya idara itakaa baada ya wiki mbili. Nikikosa maelezo wataandika kwamba nimebuni data, na mtu aliyeandikwa hivyo hasomi tena, si hapa, si kwingine.

"Ulienda nyumba kwa nyumba, sivyo? Ndivyo ulivyoandika."

"Ndiyo," nikasema.

Huo ndio uliokuwa uongo, na nilikuwa nao peke yangu miezi mitano.

Ilikuwa hivi. Utaratibu ulitaka niingie kila nyumba, nikione kibuyu kwa macho, nichote maziwa kwa mkono wangu, kisha mwenye kibuyu atie sahihi kwenye fomu iliyosema: "Ninathibitisha kwamba maziwa haya yametoka katika kibuyu changu." Nilifika Jumatatu. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, chai imechipuka ajabu, na wanawake wote walikuwa mashambani na vikapu mgongoni. Nyumba ya kwanza nilikuta kufuli. Ya pili nilikuta mbwa. Ya tatu nilimkuta ajuza mmoja aliyeniambia nikae, maji ya chai yako motoni, watu watarudi. Nikakaa robo saa. Kuni zilikuwa mbichi. Nilihisi siafu miguuni, na hakukuwa na siafu yeyote. Friji ya maabara nilikuwa nimepewa mpaka Ijumaa, na pale mtu ananiambia maji bado yanafikiria.

Nikambebea mama katoni ya chupa. Yeye ndiye mwenyekiti wa akina mama kanisani, na kila jioni anaonana na wenzake kwenye kituo cha kununulia majani, wakingoja kupimiwa.

"Wacha kwangu," akasema.

Alhamisi nilikuta chupa kumi na mbili zimepangwa, zimefutwa mpaka zinang'aa, fomu zote zina sahihi. Sikunywa hata chai. Kwenye tasnifu, sura ya mbinu za utafiti, nikaandika: "Mtafiti alizuru kila nyumba." Maneno manne. Sikufikiri mara mbili, na hilo ndilo linaloniudhi hadi leo, kwamba hata sikusita.

Sasa nilirudi nyumbani kabla ya wiki kuisha. Mama alikuwa shambani, aproni yake ya plastiki imelowa umande, vidole vinakwenda juu ya chai bila yeye kuviangalia. Sikungoja atoke. Nikaingia kati ya mistari na viatu vyangu vya mjini.

"Mama, zile chupa."

"Habari ya safari kwanza."

"Nzuri. Zile chupa, mama."

"Zina nini? Maziwa yetu yamekataliwa?"

"Kumi na moja ni za ng'ombe mmoja."

Mikono yake ikasimama. Nilikuwa sijawahi kuiona ikisimama katikati ya kichaka. Kisha ikaendelea, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, akatupa konzi nzima kikapuni.

"Hiyo mashine yenu haiwezi kukosea?"

"Hapana."

"Enda nyumbani uweke chai. Nakuja."

Ndivyo mama anavyofunga mazungumzo, anakupeleka jikoni. Sikwenda jikoni. Niliteremka senta kwa mwenye chupa namba tisa.

Huyu ni mama mwenye duka la pembejeo na unga. Wazazi wa mumewe walitoka Nyeri, wakanunua ploti pale kabla mimi sijazaliwa, na yeye ameishi nasi mpaka anagombana kwa Kikipsigis bila kutafuta neno. Nilimkuta akipima mbegu za sukuma wiki. Nilipotaja chupa alianza kujitetea.

"Yangu ilikataa? Niliona ikiwa na mabonge. Lakini tuliambiwa tusichuje."

"Yako ndiyo peke yake iliyokubali."

Akaweka kikombe cha kupimia chini. Akaniangalia kwa makini, kisha akacheka taratibu, mabega yakitikisika.

"Wale akina mama," akasema. "Aki wale."

Nikamwomba aniambie. Alizunguka kidogo, akauliza kama ninataka soda, akaona uso wangu, akaniambia.

"Mimi sikuwa wakati walikutana kupanga hiyo maneno, nilikuwa nimeshikana na wateja. Nilichukua chupa nikaweka yangu, nikarudisha. Wenzangu walienda wote kwa mama yako mdogo. Sasa ulitaka waweke nini? Wewe unafikiri nani huku bado ana mursik? Maziwa ya asubuhi inanunuliwa na yule wa pikipiki, ya jioni inaenda na yule mwingine. Ni mama yako mdogo tu, na mimi, juu ya mzee wangu, hawezi kula ugali bila. Hao wengine, kibuyu iko kwa ukuta. Inatolewa vumbi wakati wa harusi."

"Na mama?"

"Hiyo uulize mama yako."

Nilisimama pale kaunta nikihesabu vigae vya sakafu, kwa sababu ningetoka mara moja ningekimbia, na watu wa senta wangeuliza nani amekufa.

Kwa maana nilikuwa nimeelewa, na nilijiona mjinga. Kwetu mgeni akiomba maziwa haambiwi hakuna. Haisemwi. Anakaribishwa, anapewa kiti, anaulizwa habari za kwao, na wakati huo mtu ametoka mlango wa nyuma na chombo, amepita mwanya wa ua, ameenda kwa jirani. Jirani anajaza bila kuuliza. Maziwa yanaingia mezani kama ya nyumba hiyo, na yule jirani hatalitaja neno hilo maisha yake yote, kwa sababu kesho ni yeye. Mimi mwenyewe nilipita ule mwanya mara nyingi utotoni na birika ya bluu, nikiambiwa nisirudi kwa mbele. Kisha nikaenda kusoma, nikasoma sana, nikawaletea akina mama wale wale mgeni mkubwa kuliko wote, chuo kikuu kizima kwenye katoni, na nikategemea wamwambie hakuna.

Hakuna aliyedhani amedanganya. Walinistahi tu. Hilo nililijua, na bado nilipanda kilima nikiwa na hasira ya kuvunja kitu.

Mama alikuwa amerudi, amekaa kwenye kigoda anachambua mboga. Kibuyu chake kilikuwa mahali pake, kwenye msumari juu ya kabati, na ushanga wake wote. Nikakishusha. Kilikuwa chepesi mno. Nikafungua kifuniko, nikatia pua. Kilinuka moshi wa zamani na vumbi, na ndani kulikuwa na utando wa buibui.

"Mama, hiki kina buibui."

"Weka chini, utakivunja."

"Nitafukuzwa chuo!"

Nilisema kwa sauti ambayo sijawahi kumtolea mama, na nikaona haya papo hapo, lakini sikuweza kunyamaza. Nikamweleza yote, nikizunguka meza. Kamati, wiki mbili, data ya kubuni, jina langu.

"Ufukuzwe kwa sababu ya maziwa?"

"Kwa sababu ya uongo."

"Uongo ya nani?"

Nikasimama.

"Uliwaambia ulikuja kwa hizo nyumba zote?" akauliza.

"Niliandika hivyo."

"Na hukuja."

"Sikuja, mama."

Akachukua jani jingine, akalikata kikonyo. "Basi tuko wawili," akasema, na akanisogezea kigoda cha pili kwa mguu.

Niliketi. Nikamweleza kinachohitajika. Kila mama wa zile chupa kumi na moja aandike barua, au mimi niandike yeye atie sahihi, aseme ukweli kuhusu kibuyu chake na maziwa yalikotoka. Na mimi nitaandika ya kwangu. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Unajua unaniambia niwaombe nini?" akasema. "Waandike kwamba kwao hakuna maziwa, halafu ipelekwe isomwe na wanaume wasiowajua."

"Najua."

"Hapana, hujui. Lakini tutaenda."

Tulitembea siku mbili, mama mbele na mimi nyuma, nyumba kwa nyumba, kama nilivyokuwa nimeandika. Na kila nyumba tulikaa. Mama hakuniruhusu kutoa karatasi kabla ya chai. Nilijifunza kushika kikombe kwa mikono miwili ili magoti yaache kucheza. Ndani yangu nilikuwa nikihesabu siku, kumi, tisa, na mdomo wangu unauliza ndama anaendeleaje.

Vibuyu nilivionea huko. Kimoja kilikuwa na mbegu za maharagwe. Kingine kilikuwa kimepasuka, kikashonwa kwa waya, kikawekwa vijiko. Mama mmoja kijana alikuwa amepewa chake siku ya harusi na hakuwahi kukitia maziwa hata mara moja. Hakujua kukisugua, alikuwa na aibu ya kumuuliza mama mkwe. Yule ajuza wa kuni mbichi alikuwa na wimbi kwenye chake. Aliniambia, "Wewe ndiye ulikimbia chai yangu," na akanifanya nimalize vikombe vitatu kabla ya kutia alama ya kidole.

Wawili walikataa kwanza. Mmoja aliuliza kama tumekuja kumwanika. Mama hakubishana naye. Alimwambia, "Yangu pia itaandikwa, na yangu itasomwa na mtoto wangu mwenyewe," na yule mama akatafuta kalamu.

Mama mdogo tulimwachia karibu na mwisho. Ni mke wa ndugu yake baba. Yeye na mama wameishi wakitenganishwa na ule ua tangu waolewe, wakipendana kwa kushindana: nani chai yake imechunwa vizuri, nani mtoto wake amesoma. Baba alifariki nikiwa sekondari, mimi ndiye kitinda mimba, kwa hiyo upande wa mama wa mashindano ulikuwa umebaki na kitu kimoja tu, nacho ni mimi. Alitutolea mursik yenyewe, ya baridi, yenye rangi ya jivu, na nikainywa. Niliijua. Kila muhula nilibeba chupa ya lita mbili ya mursik ya mama kwenda chuoni, niliwaonjesha wenzangu wa maabara, na niliwaambia hakuna mwanamke duniani anayemfikia mama yangu kwa maziwa. Ilikuwa hii hii.

Nadhani mama mdogo aliona uso wangu ukibadilika, akataka kunifariji, akakosea.

"Usijali mtoto wangu. Hizi chupa zako ndogo si kitu," akasema. "Mimi nimezoea kujaza ile yako ya kila muhula, miaka yote hii."

Jirani hasemi hivyo. Alijua alipofika mwisho wa sentensi, akashika shavu. Mama alikuwa akiangalia sakafu. Hakukasirika. Aliinuka, akanyoosha sketi, akamshukuru kwa maziwa, akaniambia twende. Tulipita mlango wa mbele.

Barua ya mama ndiyo iliyobaki. Tuliiandika jikoni jua likiwa bado kwenye chai ya ng'ambo. Nilikuwa na karatasi juu ya meza na nilikuwa sijui niangalie wapi.

"Andika," akasema. Alikuwa ananipa mgongo, anaosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Nikaandika, nikasoma: "Maziwa niliyotoa hayakutoka katika kibuyu changu. Kibuyu changu hakina maziwa tangu." Nikauliza, "Tangu lini, mama?"

"Tangu wiki ile nilikusindikiza steji na sanduku yako, ukianza chuo."

"Mama."

"Ulitaka nimtengenezee nani? Niliweka mara moja. Nikangoja siku zake, nikafungua, nikamwaga kwa kikombe. Nikakaa hapo. Mursik si ya mtu mmoja. Ikaharibika, nikampatia mbwa, nikaosha kibuyu." Alisimamisha kikombe kichwa chini. "Na wewe ulikuwa unapiga simu unasema utumiwe, wenzako wamependa. Sasa ningekwambia hakuna?"

Nilitaka kuinuka. Mwili wangu wote ulitaka kutoka nje, kupanda kilima, kushuka, kufanya chochote. Nilibaki kwenye kigoda nikaandika alivyosema. Akaja akaweka sahihi yake ya shule ya msingi, herufi moja moja, akiniegemea begani.

Kwa kuwa mimi si mtu wa kungoja, nitasema mwisho wa kesi kwanza: hawakunifukuza. Niliisahihisha ile sentensi ya maneno manne mwenyewe, nikaipeleka kwa msimamizi wangu kabla hajaniuliza mara ya pili. Alisema atakaa upande wangu wa meza. Kamati ilinipa barua ya onyo iliyo kwenye faili langu mpaka leo, na ikaniamuru nianze upya. Nilianza upya kwa vibuyu viwili, na kumi visivyo na maziwa, na nikapangusa vile vikavu ndani kwa pamba, kuona kama kuna bakteria aliyebaki hai humo. Hiyo ndiyo tasnifu yangu.

Lakini siku yenyewe nilitakiwa kusoma zile barua kwa sauti, nimesimama. Nilisoma kumi vizuri. Ya mama ilikuwa ya mwisho, na nilipofika kwenye steji na sanduku nikamalizia kwa kunong'ona. Mwenyekiti, mzee wa miwani, alikuwa na nakala yake mkononi, kalamu juu ya karatasi.

"Hizi nyingine zina mwaka," akasema. "Hii haina. Huyu mama aliacha kutengeneza maziwa lini hasa?"

"Siku mliyonisajili hapa," nikamwambia.